Kiti Kilichorudi Majini

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: niukate mti kama nilivyoagizwa, au nimweleze mwenye mti kwa nini usikatwe? Ukiliandika hivyo linaonekana swali la mtoto. Lakini Garissa usiku ni joto, na mtu anayegeuza mto kutafuta upande wenye ubaridi huishia kugeuza na mawazo yake pia. Nikiukata, kuna mtu angepoteza kitu ambacho sisi mafundi hatukupaswa hata kujua kwamba anacho. Nikisema, ningekuwa nimekiri kwamba mimi, kijana nisiye ndugu wa nyumba ile, nimekaa nikamfikiria mke wa mwenye nyumba akiwa majini. Kwetu hilo si jambo dogo. Watu wameacha kusalimiana kwa madogo kuliko hilo.

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliostaafu, wenye picha za zamani na majina ya wakubwa waliokwisha kufa. Mimi sijastaafu. Sina hata barua ya ajira ya kudumu. Ila mwalimu wangu wa chuoni ameniomba niwaandikie wadogo zangu wanaoanza fani ya maji na ujenzi, na nilipomwambia sina la kusema, alijibu, "Andika siku ya kwanza, andika wakubwa wako, kisha andika kazi moja tu." Basi nafanya hivyo, ingawa nimekwisha kuifuta aya hii zaidi ya mara moja.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Wajir, nikiwa kwenye mafunzo ya kazini kabla ya kuhitimu. Sisi asili yetu ni Bute, kwa hiyo Wajir kwangu ilikuwa mjini, nami nilifika nimevaa tai. Afisa wa Maji aliyenipokea alikuwa mtu mwembamba, na shati lake lilikuwa limeliwa na jua mabegani. Tulikutana kwenye kisima cha mkono, yaani kile kisima kifupi kinachochimbwa kwa jembe na kujengewa mawe ndani. Aliitazama tai kabla ya kunitazama mimi.

"Hiyo ya nini?"

"Ni siku ya kwanza, mzee."

"Kamba ya ndoo imekatika. Lete."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Tai yangu iliunganishwa na kamba, ikashuka kisimani, ikapanda na ndoo ya maji ya chumvi, na siku zote za mafunzo yangu haikutoka tena kwenye kamba ile. Lakini nilichojifunza kwa Afisa wa Maji ni kitu kingine. Kila nilipofika kisimani na kuanza kupima kina, alinizuia. "Niambie kwanza nani anateka hapa," alisema. "Saa ngapi. Na nani akija, huyo anayeteka anaondoka." Niliyaandika maneno hayo kama mtihani. Sikujua yangenisumbua baadaye.

Baada ya kuhitimu nilipata mkataba mfupi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, kwenye shirika moja lililokuwa likitandaza mabomba. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mradi, mama mmoja kutoka bara asiyeketi. Kamati ya mtaa ilikuwa imechagua mahali pa kuweka kituo kipya cha maji, yaani safu ya mabomba juu ya sakafu ya saruji. Kamati yote ilikuwa ya wanaume, nao walichagua mahali pazuri, karibu na kibanda cha chai. Tukajenga. Maji yakatoka. Wanawake hawakuja. Walikipita kituo na madumu yao mgongoni, wakaenda kule mbali walikozoea. Mimi nilipima msukumo wa maji tena na tena nikiamini bomba lina kasoro.

"Bomba ni zima," Msimamizi aliniambia siku moja. "Angalia kibanda cha chai. Angalia nani amekaa, anatazama wapi."

Nilitazama. Benchi zima la wanaume, macho yote yakielekea kwenye mabomba. Mkataba ukaisha kabla kituo hakijahamishwa, nami nikaja Garissa nikiwa na cheti cha utumishi na wasiwasi mpya.

Garissa nilichukuliwa na Kontrakta Musyoka, Mkamba aliyezaliwa na kukulia hapahapa mjini, anayeongea Kisomali vizuri kuliko baadhi ya binamu zangu. Yeye hufanya kila kitu: vyoo, matangi, paa, majiko. Aliniita Injinia mbele ya wateja, na pengine hata tukiwa wawili tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama ni ya heshima. Kazi yetu ya kwanza pamoja ilikuwa bwawa la kuogelea.

Ndiyo, bwawa la kuogelea. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Haji Ibrahim, mfanyabiashara wa ngamia na ng'ombe. Alitupokea sebuleni kwa wanaume, tukakaa kwenye zulia na mito ya kuegemea, chai ya maziwa ya ngamia katikati yetu.

"Hii berkedi," alisema Haji, akiliita bwawa kwa jina la yale matangi ya ardhini ya kuhifadhia maji ya mvua, "mwanangu alijenga, akaogelea wiki mbili, akarudi Ulaya. Sasa anakuja Idi na watoto yake. Nataka ing'ae kama ya hoteli. Lakini besa, adeer, besa si ya hoteli."

Besa ni pesa, na adeer ni ami. Kwetu mzee humwita kijana hivyo, na kijana humwita mzee vivyo hivyo, kama sarafu yenye sura moja pande zote mbili.

"Haji," Musyoka alisema, "kwa pesa ya kibanda tutakupa hoteli."

"Na kwa besa ya hoteli?"

"Utapata kibanda. Hiyo ndiyo kontrakta."

Haji alicheka hadi akakohoa. Kisha akatupa maagizo. Vigae vioshwe. Ukuta upakwe rangi. Kuwe na taa za rangi kuzunguka ukuta. "Na ile mwarobaini, kata yote. Majani inaanguka kwa maji. Na wale ndege vipara wa jalalani wanakaa juu, wananyea berkedi yangu."

Nilikubali. Kwa nini nisikubali? Korongo wale wa Garissa kila mtu anawajua, wanavyosimama juu ya miti kama maafisa wa forodha.

Tukisubiri chai ya pili, Haji alizungumza mengine. Alisema mama wa watoto magoti yamekataa, hata kufika langoni ni kazi. "Nilimpeleka Nairobi. Daktari anasema, atembee kwa maji. Nikamuuliza, daktari, Garissa atatembea kwa maji gani? Tana iko na mamba!" Alilipenda sana jibu lake hilo, akalirudia. Musyoka naye akataja kwamba jirani wa nyuma anapandisha ghorofa haraka, na kwamba amesikia ni vyumba vya kupangisha. Uso wa Haji ukabadilika. "Apandishe. Lakini siku nikijua mtu anachungulia boma yangu, hii berkedi nafukia na mchanga siku hiyo hiyo."

Yote mawili aliyasema kwenye kikao kimoja, kikombe kimoja. Yeye hakuyaunganisha. Ubaya wangu mimi ni kwamba naunganisha.

Lazima nieleze namna mafundi wanavyoingia uwanja wa nyuma wa nyumba kama ile, maana hamtafundishwa chuoni. Uwanja wa mbele ni wa wanaume na wageni. Wa nyuma ni wa wanawake, na hata Haji mwenyewe huonekana huko mara chache, kwa kuwa hutoka mapema kwenda soko la mifugo na akirudi hukaa na watu wake mbele. Fundi hufika kwenye lango la pembeni, anagonga chuma kwa spana, anakohoa, anasema hodi kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Husikia kandambili zikikimbia, mlango unafungwa, pazia linavutwa. Hapo ndipo anaingia, macho kwenye kazi.

Bwawa lilikuwa dogo, lenye umbo la figo, limezungukwa na saruji iliyopasuka. Ukoga wa kijani ulikuwa umeshika vigae. Mwarobaini ulisimama upande wa nyuma, mpana, kivuli chake kikifunika ngazi za kuingilia majini. Nyuma ya mti, ng'ambo ya ukuta, ghorofa mpya ya jirani ilikuwa imefika juu, madirisha bado matundu matupu.

Na kwenye ngazi ya pili, ndani ya maji, palikuwa na kiti cheupe cha plastiki.

"Takataka," Musyoka alisema, akakivuta, akakitupa kwenye lundo la vigae vilivyovunjika.

Kumwaga maji yote tukaanza upya kungekuwa rahisi, lakini mbele ya lango mikokoteni ya punda ilikuwa ikipita kutwa ikiuza maji kwa madumu, na sikuweza hata kulitamka. Kwa hiyo tulifanya kazi maji yakiwamo. Tulisugua vigae kwa brashi ngumu, tukaikwangua grauti iliyooza, yaani ile saruji laini inayoziba mianya kati ya kigae na kigae, tukatia mpya pale juu ya usawa wa maji. Niliosha kichujio kinyumenyume: unayarudisha maji yapite mchangani kutoka chini kwenda juu, uchafu unatoka. Tulichota kokoto nyeupe kwenye laga, ule mto mkavu, tukazitandaza pale saruji ilipopasuka badala ya kumwaga saruji mpya. Mapipa mawili ya zamani niliyakata, nikayapaka rangi, nikapanda mishubiri. Kazi ya bei ndogo ni kama kumvalisha mtu nguo ya nduguye: inategemea unakunja wapi.

Asubuhi ya pili kiti kilikuwa kimerudi. Ngazi ya pili, kimeelekea mtini.

"Watoto," nilisema.

"Nyumba hii haina watoto mpaka Idi," Musyoka alisema, akakitoa tena.

Asubuhi iliyofuata kilikuwa palepale.

"Injinia, hiki kiti kina miguu."

"Viti vyote vina miguu."

"Hiki kinaitumia."

Nikafungua kikapu cha kichujio, kile kikapu kidogo kinachonasa majani kabla maji hayajafika kwenye pampu. Ndani, katikati ya majani ya mwarobaini, mlikuwa na vibanio vya nywele vya chuma, vyeusi, vingine vimeanza kutu. Sasa nilielewa yale madoa madogo mekundu kwenye vigae vya ngazi ambayo nilikuwa nimeyasugua nikidhani ni maji ya kisima. Nilikifunga kikapu haraka kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Fimbo ya kutembelea ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na ngazi. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza na kuiita, kichwani mwangu, mpini wa fagio.

Sikumwambia Musyoka kitu. Niligundua kwamba kiti kina ufa kwenye mguu mmoja, nikauziba kwa plastiki ya moto, nikakirudisha mwenyewe mahali pake. Kesho yake kwenye lango la pembeni palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilianza kuogopa. Kwa maana siku hiyo ilikuwa ya dozi ya kushtua, yaani kutia klorini nyingi kwa mkupuo mmoja ili kuua ukoga, na baada yake mtu haruhusiwi kuingia majini mpaka ipungue. Inachoma ngozi na macho. Ningemwambiaje mtu ambaye, kwa ninavyopaswa kujua, haingii majini? Nilizunguka bwawa nikiwaza. Niandike kibao? Kibao kingemuuliza Haji swali. Ninyamaze? Mwishowe nilisimama karibu na dirisha lenye pazia, nikiipa nyumba mgongo, nikapaza sauti.

"Musyoka! Leo tumetia dawa kali! Hata mbuzi asiingie majini mpaka nipime kesho!"

Musyoka alikuwa amesimama mbele yangu. "Mbuzi gani?"

"Mbuzi yeyote!"

Nyuma ya pazia, sauti ya mama mtu mzima, kicheko kimebanwa ndani yake: "Mbuzi amesikia. Mbuzi iko na subira."

Musyoka alininong'oneza, "Injinia, huyo mbuzi anajua Kiswahili."

Kesho yake nilipima kwa vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi, nikamtangazia Musyoka kwamba maji ni salama kwa wanyama wote. Pazia lilicheka. Kuanzia hapo tulizoea. Mama alituuliza habari za kazi kwa kumuuliza mbuzi, nasi tulimjibu mbuzi. Hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna aliyevunja adabu.

Mpaka siku Haji alipopiga simu kusema mtu wa msumeno wa injini atakuja kesho asubuhi, na Musyoka, aliyeweka simu kwenye kipaza sauti kwa sababu mikono yake ilikuwa na saruji, akaitikia, "Sawa Haji, mwarobaini unaanguka kesho."

Simu ikakatwa. Tulirudi kwenye kazi. Baada ya muda sauti ikatoka dirishani, safari hii bila kicheko.

"Injinia. Mbuzi anauliza. Kivuli yake inaenda?"

Nilisafisha koo. "Bado... tunaangalia."

"Mbuzi hakai mahali inaonekana," sauti ilisema. Kisha dirisha likafungwa.

Nilitazama juu. Matundu ya madirisha ya ghorofa yalikuwa upande wa pili wa majani. Msimu ujao kungekuwa na wapangaji ndani yake, vijana wa ofisini kama mimi, wameegemea dirishani na simu zao. Benchi la kibanda cha chai cha Ifo, limepandishwa ghorofani.

Mtasema, kwa nini mama asimwambie mumewe? Nililiwaza hilo pia. Akisema, Haji angeuliza, "Kwani wapi wanaona?" na jibu ni ghorofa, na Haji alikwisha kutuambia atafanya nini na mchanga. Mti ukikatwa, mama hataingia tena. Haji akiambiwa, huenda bwawa likafukiwa. Njia zote mbili zilifika kwenye magoti yaleyale. Na katikati, mimi: nikimwambia Haji nimejuaje? Kwa vibanio? Kwa mbuzi? Musyoka angepoteza mteja, na jina langu lingefika Bute kabla yangu. Huo ndio usiku niliogeuza mto.

Niliswali alfajiri, nikaenda kazini mapema. Hatukukuta chai langoni. Tulikohoa, tukaingia. Ngazi ya pili ilikuwa tupu. Kiti kilikuwa kwenye lundo la vigae vilivyovunjika, kimekaushwa, fimbo imelazwa juu yake. Safari hii hakuna fundi aliyekitupa. Alikitoa mwenyewe.

Nilisimama mbele ya kiti kile muda mrefu kuliko inavyostahili kiti. Halafu nilikiinua, nikakirudisha majini, ngazi ya pili, kikaelekea mtini. Fimbo niliiegemeza ukutani pake.

"Kunja suruali," nilimwambia Musyoka. "Kaa hapo."

"Majini?"

"Kaa. Usitoke mpaka nikwambie."

Nilizunguka mtaa, nikamwomba mlinzi wa jengo la jirani ruhusa ya kupanda kuangalia uelekeo wa bomba. Ngazi hazikuwa na vishikio. Nilipanda nikishika ukuta, nikijiambia kwamba uwanja ule sasa hauna mtu ila Mkamba mwenye suruali iliyokunjwa. Nilifika dirishani nikatazama chini. Majani. Majani matupu, mazito, kama dari.

"Musyoka! Inua mkono!"

"Nimeinua!"

"Sikuoni!"

"Basi nimefika peponi! Ni baridi huku!"

Nilisogea dirisha kwa dirisha. Kwenye la mwisho tu palikuwa na mwanya, kona moja ya bwawa ikionekana upande wa kina kirefu. Mwanya huo ungezibwa kwa nguzo chache na mikeka ya kusukwa, ile ambayo wafugaji hufunikia vibanda vyao. Ni rahisi kuliko taa za rangi. Nao korongo walikuwa wamesimama kwenye matawi makavu ya kileleni peke yake, pale wanapopata nafasi ya kukunjua mbawa. Matawi hayo yakiondolewa, hawana pa kutua, na kivuli kinabaki. Nilikuwa na jibu la kifundi. Lakini jibu la kifundi halikuwa limeombwa na mtu.

Chini, barabarani, nilisikia msumeno ukijaribiwa. Haji alikuwa langoni na mwenye msumeno, funguo za gari mkononi, tayari kwenda sokoni. Nilishuka zile ngazi nikikimbia, jambo ambalo siwashauri.

"Assalamu alaikum, adeer."

"Wa alaikum salam. Mbona unahema?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo usiku kucha, yenye utangulizi. Yote yakapotea. "Adeer, kabla ya msumeno, naomba twende mahali."

"Wapi?"

"Juu."

Alinitazama, akaitazama ghorofa, akampa mwenye msumeno ishara asubiri. Tulipanda taratibu. Alishika bega langu kwenye kona za ngazi, pumzi yake ikawa nzito. Nilimfikisha kwenye dirisha la katikati, nikarudi nyuma hatua moja.

Haji alitazama.

"Naona majani," alisema.

"Ndiyo, adeer."

"Na bila majani?"

"Bila majani, hapa pana dirisha. Na pale, na pale. Vyumba vya wapangaji."

Taya lake likakazana. "Hii berkedi..." alianza, na mimi nilisikia mchanga ndani ya neno hilo. Kisha akainama dirishani akaita, pengine kuhakikisha, "Musyoka! Wewe uko wapi?"

Sauti ikapanda kutoka chini ya majani, yenye furaha ya mtu aliyesahau yuko wapi: "Niko hapa, Haji! Kwa kiti ya Mama!"

Nilihisi Musyoka, chini kule, akiyatafuta maneno yake ayarudishe mdomoni.

"Kiti gani?" Haji aliniuliza, polepole, bila kugeuka.

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa uongo, na ulikuwa wazi. Ningeweza kusema ni kiti tu, Haji, Musyoka anatania. Sikuingia.

"Kiko kwenye ngazi ya pili, adeer, ndani ya maji. Tukikitoa, kinarudi. Tumekitoa, kimerudi. Sijamwona mtu, Wallahi. Nimeona kiti tu, na fimbo. Na daktari wa Nairobi alisema atembee kwenye maji. Wewe mwenyewe ulituambia."

Upepo ulipita kwenye mwarobaini, ukafunua kidogo, ukafunika.

"Juzi," Haji alisema mwishowe, "alinisindikiza mpaka langoni. Hakushika fimbo. Nikasema, alhamdulillahi, ile dawa ya Nairobi imefanya kazi." Alitikisa kichwa. "Dawa ya Nairobi." Akacheka, kicheko kifupi, cha mtu anayejicheka. Nikamwonyesha mwanya wa dirisha la mwisho na matawi makavu ya korongo, nikaeleza nguzo na mikeka, kwa haraka, kabla ujasiri haujaisha. Alisikiliza akiwa bado anatazama majani.

"Taa acha," alisema. "Nunua mikeka. Yule wa msumeno akate kule juu kwa ndege, basi. Chini asiguse."

"Sawa, adeer."

"Hiyo kiti, iko na nguvu?"

"Ilikuwa na ufa. Nimeuziba."

Tulianza kushuka. Alishika bega langu tena, kwa nguvu zaidi kuliko wakati wa kupanda. Kwenye kona ya mwisho alisimama kupumua.

"Nunua kiti ingine," alisema. "Weka kando ya hiyo."

Maswali yalinijaa. Ni cha nani? Mjukuu? Mgeni wa Idi? Cha mzee mwenyewe, siku ya mapumziko, suruali imekunjwa? Kiwe cheupe pia? Kielekee wapi? Nilikwenda dukani, nikanunua kiti cheupe cha plastiki, nikakipima miguu kwa mikono yangu, na kabla ya adhuhuri nilikiweka kwenye ngazi ya pili, bega kwa bega na kile kingine, vyote viwili vikaelekea mtini.